Mafua Yasiyokwisha: Barua Zenu Kuhusu Mzio wa Pua

Tulipotangaza kwamba ukurasa huu utashughulikia mzio wa pua, tulitarajia maswali ya dawa. Yamekuja. Lakini barua nyingi zaidi zinalalamikia mambo mengine: usingizi, kazi, mitihani ya watoto, ndoa zilizochoshwa na mkoromo. Tumechagua saba na kuzifupisha. Vipimo vya dawa tulivyovitaja ni vya mtu asiye na maradhi mengine. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa figo, ini au presha amwonyeshe kwanza mfamasia au daktari wake.

Nafundisha sekondari, Morogoro. Mwaka wa sita huu naamka na chafya kumi, kumi na tano mfululizo, pua inachuruzika hadi saa nne asubuhi, kisha inaziba. Usiku ndiyo kabisa. Nimepima malaria, taifodi, wingi wa damu, yote salama. Nyumbani wananiambia ni mafua tu, nijikaze. Lakini nachoka, nasahau majina ya wanafunzi, na nimekuwa na hasira za karibu. Mafua yanaweza kumfanya mtu hivi, au naumwa kitu kingine?

Mwalimu, yanaweza, na uliyoyaeleza ndiyo sura yake. Mafua ya virusi huja na kuondoka ndani ya siku saba hadi kumi. Yakidumu miaka sita, tena pamoja na mwasho wa pua, macho, koo au kaakaa, hayo ni mafua kwa jina tu. Kinga ya mwili imetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu kisicho na madhara: mara nyingi utitiri wa vumbi la nyumbani, mende, paka, ukungu wa ukutani au chavua ya nyasi. Kitu hicho kikigusa utando wa pua, chembe zilizobeba kingamwili hizo humwaga histamini ndani ya dakika chache, na hapo ndipo mwasho, chafya na maji vinapoanza. Saa kadhaa baadaye huja wimbi la pili, la uvimbe. Hilo ndilo linaloziba pua, na vidonge vya mzio haviliwezi vizuri.

Uchovu wako unatoka hapo. Ukilala, damu hujaa kwenye vijinyama vya ndani ya pua na kuvitunisha zaidi. Homoni ya kotisoli, ambayo hutuliza uvimbe, usiku huwa chini. Na kichwa kimewekwa juu ya mto ambao huenda ndio makao makuu ya utitiri. Unapumua kwa mdomo, unakoroma, ubongo unashtuka mara nyingi bila wewe kukumbuka. Ukiulizwa asubuhi utasema umelala kwa muda wa saa nane. Kusahau majina na kukasirika upesi ni dalili za mtu aliyekosa usingizi, na huhitaji kutafuta ugonjwa wa pili kabla ya kutibu huu wa kwanza. (Pua kuziba kwa zamu, saa hizi upande huu, baadaye ule, si ugonjwa. Pua za watu wengi hupokezana hivyo, ila mwenye mzio ndiye anayehisi.)

Mwongozo wa kimataifa uitwao ARIA, ulioandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2001, unahesabu mzio wa pua kuwa wa kudumu ukimsumbua mtu zaidi ya siku nne kwa wiki, kwa zaidi ya wiki nne mfululizo. Ukali wake unapimwa kwa maswali manne. Unavuruga usingizi? Unakwamisha shughuli za siku, michezo au mapumziko? Unaathiri kazi au masomo? Dalili zenyewe zinakera? Ndiyo moja tu inatosha kukutoa kwenye kundi la hafifu na kukuingiza kwenye la wastani hadi kali. Hakuna swali hata moja kuhusu idadi ya leso. Kwa hiyo atakayekuambia ni mafua tu, mwambie umepata ndiyo tatu kati ya nne.

Watafiti wana kipimo kirefu zaidi, dodoso la maswali 28 lililochapishwa mwaka 1991 na Elizabeth Juniper na mwenzake. Linauliza kuhusu wiki iliyopita na kugusa maeneo saba: shughuli, usingizi, usumbufu wa jumla kama uchovu na kiu, kero ndogondogo kama kubeba leso na kujisugua pua, pua yenyewe, macho, na hisia. Huhitaji kulitafuta. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye daftari. Mwanzo wake ni "sisumbuki kabisa", mwisho wake ni "siwezi kuvumilia". Kila jioni weka alama. Alama zikizidi sentimita 5, matibabu hayatoshi na yaongezwe. Zikishuka chini ya 2, unaendelea vizuri. Ukienda kliniki na daftari la wiki tatu, daktari hatakutibu kwa kukisia.

Kwa hali yako dawa ya kwanza ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupuliza puani: flutikasoni propionati au mometasoni, mikrogramu 50 kwa mpulizo. Mtu mzima hupuliza mara mbili kila tundu, mara moja kwa siku. Wengi hurudi wakisema haifai, na karibu kila mara kosa liko kwenye mkono. Fanya hivi. Penga pua. Tikisa chupa, na ikiwa mpya puliza kwanza hewani mpaka utoke ukungu mwembamba. Inamisha kichwa mbele kidogo kama unayesoma gazeti mezani, usikirudishe nyuma. Shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Ukipishanisha mikono hivyo, ncha inaelekea yenyewe upande wa nje, usawa wa jicho, badala ya kupiga ukuta wa kati. Anayepiga ukuta wa kati kila siku ndiye anayetokwa damu puani na kuisingizia dawa. Kisha puliza huku ukivuta pumzi taratibu, kama mtu anayenusa mboga asiyejua kama imechacha. Ukisikia ladha ya dawa kooni, umevuta kwa nguvu na umeimeza.

Nafuu huanza baada ya saa kadhaa hadi siku mbili, na hukamilika baada ya wiki mbili au zaidi. Anayeacha siku ya nne hajaijaribu. Chupa ya mipulizo 120, kwa mipulizo minne kwa siku, inaisha siku ya 30 hata kama ukiitikisa unasikia maji. Andika tarehe ya kuanza kwenye lebo. Steroidi hii hubaki zaidi puani, na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo mno, kwa hiyo usiifananishe na vidonge vya steroidi kama prednisoloni.

Vumbi la chaki si mzio, ila linakera pua iliyokwisha kuvimba. Futa ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Ukianza kukohoa usiku au kifua kubana na kupiga mluzi, sema mapema, kwa sababu pua na mapafu ni njia moja na wenye mzio wa pua hupata pumu kuliko watu wengine.

Naendesha lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Pua ikianza nameza Piriton mbili, inatulia, lakini macho yanakuwa mazito. Nikiacha, chafya zinanipiga mfululizo. Nifanyeje?

Kaka, yote mawili ni hatari barabarani. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na chafya inafumba macho. Lakini klorfeniramini, dawa iliyomo kwenye Piriton, ni mbaya zaidi kwa sababu haikuarifu. Inaingia kwenye ubongo, na huchukua saa nyingi kutoka mwilini. Uliyomeza saa tatu usiku inaweza kuwa bado inapunguza wepesi wako wa kukanyaga breki asubuhi, hata kama hujisikii kusinzia. Bia moja juu yake inazidisha. Soma pia maandishi madogo kwenye dawa za mafua na kikohozi, kwa sababu nyingi zimechanganywa na klorfeniramini hiyohiyo.

Omba loratadini ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku. Setirizini ya miligramu 10 ni nzuri na kali kidogo kwa mwasho, lakini huwalaza baadhi ya watu. Kidonge cha kwanza kinywe siku usiyoendesha, uone. Feksofenadini hailazi kabisa kwa wengi, ila imezwe kwa maji matupu. Juisi ya chungwa, tufaha au balungi huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Yoyote utakayochagua, inywe kila siku katika kipindi kibaya, usisubiri chafya. Pua ikiwa inaziba pia, jibu la Mwalimu hapo juu linakuhusu.

Na ukague kabini. Shuka na mto wa pale nyuma unapopumzika vinafuliwa lini? Kichujio cha hewa cha kiyoyozi kina vumbi la miezi mingapi? Kwenye vumbi funga vioo na uzungushe hewa ya ndani.

Mwanangu ana miaka tisa, tupo Tanga. Anajisugua pua kwa kiganja kuelekea juu mpaka ana mstari juu ya pua, chini ya macho kumekuwa kweusi, analala mdomo wazi. Alama zake darasani zimeshuka na mwalimu wake anasema anasinzia. Tulipewa vidonge vya kutafuna vya montelukasti. Sasa anaota ndoto mbaya na amekuwa mkali kwa wadogo zake. Naomba mnisaidie.

Pole, mama. Tuanze na kidonge. Ndoto mbaya, ukali, huzuni na mabadiliko ya tabia ni madhara yanayojulikana ya montelukasti, dawa inayotumika pia kwa pumu. Mwezi wa tatu 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kabisa, ikashauri kwamba kwa mzio wa pua itumike pale tu dawa nyingine zinaposhindikana. Mrudishe mtoto kwa aliyemwandikia, wiki hii, umweleze ulichokiona. Kama mtoto hana pumu, tunaamini atakubali kuiacha. Kama anayo, mpango wa pumu lazima upangwe upya kwanza. Huku kwetu montelukasti hutolewa kirahisi mno, tena ikiwa imechanganywa na levosetirizini, dawa nyingine ya mzio, kwenye kidonge kimoja, na mzazi haelezwi kitu.

Kuhusu shule, si uvivu wake. Uingereza walifuatilia wanafunzi 1,834 wa miaka 15 hadi 17 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Waliokuwa na dalili za mzio wa pua siku za mtihani walielekea zaidi kushuka daraja wakilinganishwa na mtihani wao wa majaribio, na waliomeza dawa za mzio zenye kulaza walishuka zaidi. Kwa hiyo dawa ya chupa yenye klorfeniramini asubuhi ya mtihani wa darasa la nne ni kumwongezea mzigo. Loratadini kwa umri wake hupimwa kwa uzito: akizidi kilo 30, miligramu 10 kwa siku, akiwa chini, miligramu 5. Dawa ya kupuliza ni mpulizo mmoja kila tundu, mara moja kwa siku, nawe uwe umeshika chupa. Mpime urefu kila baada ya miezi sita. Baadhi ya steroidi za zamani za puani, beklometasoni hasa, zilionekana kupunguza kasi ya kukua kidogo zikitumiwa mwaka mzima. Ndiyo maana kwa watoto tunapenda flutikasoni au mometasoni. Mdomo wazi usiku unaweza kutokana pia na vinyama vya nyuma ya pua. Akiwa anakoroma na kukata pumzi usingizini, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Sasa chumba. Tanga, kama pwani yote, ina unyevu ambao utitiri wa vumbi unaupenda. Wadudu hawa hawaonekani kwa macho, wanakula magamba ya ngozi yetu, na hawanywi maji: wanayafyonza kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu, chini ya asilimia 50 ya unyevu, wanakauka. Kinachomuumiza mtoto hasa ni kinyesi chao, kwa hiyo kuua pekee hakutoshi. Lazima kitoke.

Shuka, foronya na blanketi zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Huhitaji mashine. Changanya ndoo moja ya maji yanayochemka na ndoo ya ujazo uleule ya maji ya bomba, utapata nyuzi 60 na ushee. Loweka humo, funika, kisha fua kama kawaida. Tahadhari watoto wasiwe karibu na beseni. Mto wa sufi uliorithiwa utoke kitandani kwake, umpe wa sponji unaofulika. Godoro lianikwe jua la saa sita mchana kwa saa tatu au zaidi kila upande. Bibi zetu walikuwa na sababu. Joto na ukavu huua utitiri wa juujuu, kisha godoro likung'utwe mbali na nyumba, mtoto asiwepo. Mifuko ya nailoni ya kufunika godoro inasaidia kupunguza kinyesi cha utitiri, lakini ikitumika peke yake majaribio hayakuonyesha nafuu puani. Usitumie fedha zako zote hapo.

Chandarua ni suala jingine. Kinashika vumbi kweli, lakini usikitoe, malaria ni mbaya kuliko chafya. Chandarua chenye dawa hakifuliwi kwa maji moto wala hakianikwi juani, kwa sababu vyote viwili vinaharibu dawa. Kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu, kianike kivulini. Kikiwa kipya kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukitumia, maana harufu ya dawa mpya huwakera wenye pua nyepesi.

Fagio kavu linapandisha vumbi hewani, na hukaa humo karibu nusu saa. Piga deki kwa kitambaa chenye maji, mtoto akiwa shuleni. Zulia la chumbani likunjwe. Midoli ya manyoya ifuliwe pamoja na shuka. Kwa mende tumia dawa ya gundi kwenye pembe za kabati, si ya kupuliza, na usiache vyombo vichafu usiku. Kama kuna paka, asiingie chumbani kamwe. Hata akihamishwa leo, mabaki yake hukaa kwenye vitambaa miezi kadhaa, kwa hiyo usimhukumu kwa wiki mbili. (Kwa wasomaji wa Lamu, ambako paka wamejaa mitaani, tunajua tunachoomba ni kigumu.)

Mimi ni karani, Nairobi. Nilianza matone ya kuzibua pua wakati wa mafua ya mwaka jana. Sasa ni miezi minane, bila matone siwezi kulala, na chupa naibeba hata kanisani. Nimezoea dawa au ugonjwa umezidi?

Dada, ni matone. Zailometazolini na oksimetazolini hubana mishipa ya damu ndani ya pua, na pua hufunguka ndani ya dakika chache. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inatanuka kuliko mwanzo, pua inaziba zaidi, unaweka tena. Ndiyo sababu hazifai kuzidi siku tano mfululizo. Chini ya uvimbe huo wa dawa mara nyingi kuna mzio ambao haukuwahi kutibiwa, ndio uliokufanya usiache ulipopona mafua.

Kuacha kunawezekana. Anza leo steroidi ya kupuliza kama tulivyoeleza, kila siku, matone yakiendelea. Baada ya wiki moja acha matone kwenye tundu moja tu, endelea nayo kwenye jingine ili upate kulala. Upande ulioachwa utaziba kabisa kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Usidanganyike. Ukifunguka, acha na wa pili. Steroidi iendelee angalau wiki sita. Weka mto wa pili ili kichwa kiwe juu, na suuza pua asubuhi na jioni.

Maji ya kusuuzia: chemsha nusu lita, yachemke dakika tano kamili, yapoe hadi vuguvugu. Weka kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha bikaboneti ya kuokea keki ili yasichome. Magadi usitumie. Inama juu ya sinki, pumua kwa mdomo, ingiza taratibu kwa chupa laini au sirinji kubwa isiyo na sindano, yatokee tundu la pili. Yakichoma, chumvi ni chache au imezidi, pima upya. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa hayafai, kwa sababu kuna amiba ambayo hunyweka bila madhara lakini ikipanda puani inaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra sana, na kuchemsha kunaiondoa. Suuza kabla ya kupuliza dawa, si baada.

Pima presha pia. Miezi minane ya matone inaweza kuipandisha.

Niko Unguja. Mwezi wa Ramadhani naacha dawa ya kupuliza nisije nikafungua, na kila Ramadhani naumwa. Pia nyumbani udi hauzimwi. Nao ni mzio?

Suala la kufungua ni la masheikh na hatuliingilii, ila hulihitaji. Dawa hii ni mara moja kwa siku na haijali saa. Puliza baada ya futari au wakati wa daku, kila siku saa ileile, nguvu yake inabaki. Loratadini vivyo hivyo. Kusuuza pua kuwe baada ya Isha.

Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na moshi wa mkaa kwa kawaida si mzio. Vinawasha utando kama pilipili. Kipimo chake rahisi: moshi huleta maji na kuziba bila mwasho mwingi wa macho na kaakaa, na ukitoka nje unapata nafuu upesi. Lakini pua yenye mzio tayari haivumilii hata kidogo. Fukiza nguo kwenye chumba kimoja, madirisha wazi, usikae humo, na chumba cha kulala kiachwe.

Kuna zahanati mtaani wanachoma sindano moja, mzio unaisha miezi miwili au mitatu. Mbona ninyi hamuitaji?

Kwa sababu hatuipendekezi. Sindano ya namna hiyo kwa kawaida ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, kama triamsinoloni. Inafanya kazi, ndiyo maana ina wateja. Lakini inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa ikirudiwa, inalaza tezi zinazotengeneza kotisoli, na pale inapochomwa nyama inaweza kubonyea. Ikikudhuru haiwezi kutolewa, unasubiri iishe. Wenye kisukari wamewahi kulazwa kwa ajili yake. Uliza jina la dawa kabla ya kukunja mkono wa shati, na asiyekutajia usimpe mkono.

Sindano nyingine, ya kuuzoesha mwili taratibu, ipo. Ilianzishwa London na Leonard Noon mwaka 1911 kwa chavua ya nyasi. Hutolewa na mabingwa baada ya kipimo cha ngozi, kwa miaka mitatu au zaidi, na siku ya sindano unakaa kliniki nusu saa wakikuangalia. Ukipata nafasi ya kipimo hicho, acha vidonge vya mzio wiki moja kabla, la sivyo kitasema huna kitu. Dawa ya kupuliza endelea nayo.

Nina miaka 47. Pua imeziba upande wa kulia tu kwa miezi mitatu, nikipenga naona damu kidogo, na sikio la upande huo limeziba. Nimetumia dawa za mzio bila nafuu.

Mzee, achana na ukurasa huu. Mzio hushika pande zote mbili. Upande mmoja pamoja na damu na sikio kuziba, hasa kukiwa na uvimbe shingoni, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera ndogo nyuma ya pua. Inaweza kuwa kitu chepesi, lakini pia inaweza kuwa saratani ya nyuma ya pua, ambayo ikiwahiwa inatibika kwa mionzi. Omba rufaa katika hospitali ya mkoa wiki hii, na umtajie dalili hizo tatu kwa mpangilio huohuo ulioziandika.